Naftali Temu: Bingwa wa kwanza anayesahaulika ubishi unapopamba moto

KATIKA mabanda ya nyama choma ya Kamakis, Ruiru, kandokando ya barabara ya Eastern Bypass, ubishi kuhusu mwanariadha bora zaidi katika historia ya Kenya ni kama kachumbari: haukosekani mezani.

Mmoja humtaja Eliud Kipchoge, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo. Mwingine humjibu kwa jina la David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 katika fainali ya London mwaka 2012. Wa tatu huuliza kwa nini wanaume pekee ndio wanaotajwa ilhali Faith Kipyegon ameshinda mita 1,500 katika Olimpiki tatu. Wenyeji wa Ruiru nao hawawezi kumwacha Catherine Ndereba, bingwa mara mbili wa dunia wa marathoni, aliyetoka katika Idara ya Magereza ambayo chuo chake cha mafunzo kiko papo hapo mjini mwao. Wazee hufunga hoja kwa kumtaja Kipchoge Keino.

Ni nadra sana kusikia jina la Naftali Temu. Hata hivyo, kabla ya yeyote kati ya hao kuvishwa dhahabu ya Olimpiki, Temu alikuwa amekwisha kuvishwa yake. Yeye ndiye Mkenya wa kwanza kabisa kuipata, na mbio za wanaume alizoshinda siku hiyo hazikuwa zimepata mwanamume mwingine wa Kenya wa kuzishinda katika Michezo ya Olimpiki, hata ile ya Paris ya mwaka 2024.

Temu alizaliwa Aprili 20, 1945, wakati Kenya ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Alitoka katika jamii ya Abagusii, na alijifunza kukimbia kwa mbio ndefu za nyika katika nyanda za juu. Jamii hiyo ilikuwa na desturi ya kutoa wakimbiaji hodari. Nyandika Maiyoro, aliyemtangulia, alikuwa amemaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, wakati ambapo wengi ughaibuni hawakuamini kwamba Mwafrika angeweza kuhimili mbio za masafa marefu.

Safari ya Temu katika Olimpiki haikuanza kwa vigelegele. Jijini Tokyo mwaka 1964, akiwa kijana wa miaka 19, alishiriki marathoni na kumaliza katika nafasi ya 49. Mshindi wa mbio hizo alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, na medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, ya shaba, ililetwa na Wilson Kiprugut katika mita 800 kwenye michezo hiyohiyo. Temu alirejea nyumbani mikono mitupu, bila mtu kumsemea lolote.

Miaka miwili baadaye, hali ilibadilika. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaica, mwaka 1966, Temu aliingia katika mbio za maili sita dhidi ya Ron Clarke wa Australia. Huyo hakuwa mpinzani wa kuchezewa. Mwaka 1965 Clarke alikuwa mwanadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 kwa muda usiofika dakika 28, na rekodi nyingi za dunia zilikuwa mikononi mwake. Temu alimwacha nyuma kwa mwanya mkubwa na kunyakua dhahabu. Katika michezo hiyohiyo, Keino alishinda maili moja na maili tatu. Ulimwengu ukaanza kugeuza shingo kuitazama Kenya.

Ushindi huo wa Kingston ni muhimu kuukumbuka, kwa sababu ndio unaojibu lawama iliyomwandama Temu baadaye.

Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika jijini Mexico City, mji ulio katika mwinuko wa takriban mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na wakimbiaji wa masafa marefu waliotoka nchi za tambarare walikuwa na kila sababu ya kuogopa. Fainali ya mita 10,000 ilipangwa siku ya kwanza ya riadha, Jumapili Oktoba 13.

Mbio zilianza kwa mwendo wa pole, kila mmoja akimchunguza mwenzake. Kadiri mizunguko ilivyozidi, mwendo ulipanda na wakimbiaji wakaanza kudondoka mmoja baada ya mwingine. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu ya nyongo, alianguka zikiwa zimesalia raundi chache. Clarke naye aliishiwa na nguvu. Alijikokota hadi nafasi ya sita kisha akazirai, ikabidi apewe hewa ya oksijeni.

Mwishoni walibaki watatu, wote Waafrika: Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Wolde alichomoka. Ilionekana kana kwamba dhahabu ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. Lakini Temu hakukata tamaa. Alimfukuza, akamkaribia, na zikiwa zimesalia hatua chache akampita. Alikata utepe kwa dakika 29 na sekunde 27.4, Wolde akiwa nyuma yake kwa sekunde 0.6 pekee. Gammoudi alichukua shaba.

Kwa mara ya kwanza wimbo wa taifa wa Kenya ulipigwa kwa ajili ya bingwa wa Olimpiki, chini ya miaka mitano tangu nchi ipate uhuru. Kwa mara ya kwanza pia, Mwafrika alikuwa ametawazwa bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000. Temu alikuwa na umri wa miaka 23.

Hakuishia hapo. Siku nne baadaye alirudi uwanjani kwa fainali ya mita 5,000 na kutwaa shaba, nyuma ya Gammoudi na Keino. Oktoba 20 akapiga foleni tena kwenye marathoni, akamaliza wa 19 katika mbio zilizoshindwa na Wolde yuleyule aliyemnyima dhahabu wiki moja kabla. Siku hiyo hiyo Keino alimshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500. Amos Biwott naye alikuwa ameshinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kenya ilirejea nyumbani na medali 9, tatu zikiwa za dhahabu.

Dhahabu ya Temu ilitangulia. Lakini ya Keino, iliyopatikana dhidi ya nyota mkubwa wa Marekani, ndiyo iliyosimuliwa zaidi, na kivuli chake kikamfunika mwenzake.

Wanaompinga Temu wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba alibebwa na mwinuko wa Mexico. Muda wake ulikuwa mbali na rekodi ya Clarke ya dakika 27 na sekunde 39.4, na mabingwa wa nchi za tambarare walikosa pumzi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama Temu hangewahi kumshinda Clarke kwingineko. Kingston ni mji wa pwani. Huko hewa ilikuwa sawa kwa wote, na matokeo yalikuwa yaleyale. Isitoshe, Wolde aliyempita katika hatua za mwisho alikuwa pia mtoto wa nyanda za juu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kipindi cha Temu kileleni kilikuwa kifupi. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 aliondolewa katika mchujo, na mwaka uliofuata akastaafu. Hakukusanya mataji ya miaka mingi kama Kipchoge wala kuacha rekodi kama Rudisha. Kwa kipimo cha wingi wa medali, hawezi kuwashinda waliokuja baada yake, na si haki kudai vinginevyo.

Lakini Mgala muue na haki yake mpe. Tangu siku ile ya Oktoba 1968, wanaume wa Kenya wameisaka dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 bila mafanikio. Richard Chelimo aliambulia fedha mwaka 1992. Paul Tergat, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, aliikosa mwaka 1996 na kuikosa tena mjini Sydney mwaka 2000, ambapo Haile Gebrselassie wa Ethiopia alimpita kwa sehemu 9 za mia za sekunde. Paul Tanui alipata fedha mwaka 2016. Hata Yobes Ondieki, Mgusii mwenzake Temu aliyekuwa wa kwanza duniani kukimbia umbali huo chini ya dakika 27 mwaka 1993, hakuwahi kuvishwa dhahabu hiyo. Wakenya wameshinda mbio hizo katika mashindano ya dunia. Katika Olimpiki, kwa upande wa wanaume, jina ni moja tu.

Temu alikimbia katika enzi ya ridhaa, wakati sheria za riadha zilimkataza mwanamichezo kulipwa. Hakukuwa na zawadi za mamilioni kwa mshindi wa marathoni, wala kampuni za viatu zilizompa mkimbiaji mkataba wa kumtajirisha. Alipotundika viatu, utukufu wake ulibaki katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hufifia.

Alifariki jijini Nairobi Machi 10, 2003, akiwa na umri wa miaka 57, baada ya kuugua saratani ya tezi dume. Miezi sita baadaye Tergat alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin, na taifa likapata shujaa mwingine wa kushangilia.

Huenda ubishi wa Kamakis usipate mshindi kamwe, kwani kila kizazi hupima ubora kwa mizani yake: wengine kwa rekodi, wengine kwa medali, wengine kwa mapenzi tu. Naftali Temu hahitaji kutangazwa mkubwa kuliko wote. Lakini wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Orodha ya mabingwa wa Olimpiki wa Kenya, hata iandikwe na shabiki wa nani, haiwezi kuanza kwa jina jingine ila lake.