Mzee Lemoigne na Plastiki Iliyokosa Soko

Wanachuo wenzangu, mimi nimekulia Kilindoni, Mafia. Kuanzia Oktoba papa potwe husogea karibu na ufuko, mdomo wazi, wakichuja dagaa na vijidudu vya maji. Samaki yule hachagui. Kipande cha plastiki kikielea mbele yake kinaingia. Rambo zilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio bado vinaletwa na maji. Ndiyo maana mradi wangu wa mwaka wa tatu ni plastiki inayooza, na humo ndimo nilimokutana na mzee Maurice Lemoigne.

Alikuwa Mfaransa, kazaliwa 1883, mtafiti wa Taasisi ya Pasteur. Hakuwa anatafuta plastiki wala nini. Alikuwa na bakteria wa udongo, Bacillus megaterium, na kila akiwaacha kwenye maji matupu, maji yanakuwa na asidi. Mwingine angeandika namba akaenda zake kula. Yeye akataka kujua asidi inatoka wapi. Akawakamua kwa klorofomu, na 1926 akaeleza kuwa ndani yao mna polima, ile tunayoiita PHB: akiba ya chakula, kama nundu ya ngamia. Ukiipasha moto unaifinyanga utakavyo. Ukiitupa, bakteria wengine wanaila.

Dunia kimya. Petroli ilikuwa rahisi, na yeye aliandika kwa Kifaransa, wasomaji wa Kiingereza wakampita. (Hilo linanigusa, mimi ninayewaza kwa Kiswahili na ripoti naandika Kiingereza.) Hakuacha; aliendelea kuchapisha habari za PHB zaidi ya miaka 20. Mwaka 1959 Roger Stanier na wenzake wa Berkeley, Marekani, wakaonyesha kuwa Rhodospirillum rubrum, bakteria wa zambarau anayeishi kwa mwanga, naye hujiwekea PHB. Mzee alikuwa bado hai. Alifariki 1967. Chupa za shampuu za polima ya ukoo huo, kazi ya kampuni ya ICI ya Uingereza, zilifika madukani Ujerumani 1990.

Hao wa mwanga ndio ninaowataka. Viwandani bakteria wa PHB hulishwa sukari, na sukari Mafia inakuja kwa boti. Jua tunalo bure. R. rubrum anataka pia asidi ya siki, nasi kisiwa chetu ni cha minazi: tembo likichacha sana, hiyo tayari siki. Kasoro ni kwamba wanakua polepole na mavuno ni kiduchu. Baba, mvuvi, kaniuliza nimepata kilo ngapi. Jamani! Unga wangu haujafika nusu kijiko cha chai. Msimamizi kashauri nibadili mada, na fomu inafungwa Ijumaa.

Chupa nne za tope la mikoko ziko dirishani bwenini. Mwenzangu wa chumba analalamikia harufu. Mbili zimeanza kugeuka zambarau.