Kapiteni Joubert, mwanajeshi wa Papa kando ya Tanganika

Siku za yubile twawataja kwanza mapadri na masista waliotuletea Injili, na ni haki yao. Hata hivyo haifai tumwache nyuma mlayiki mmoja, ambaye wakristu wa Mpala na wa Moba walimjua kwa jina la Kapiteni.

Léopold-Louis Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 kule Saint-Herblon, katika Ufaransa. Alipokuwa na miaka 18 alikwenda Roma kujitolea katika jeshi la Papa Pio IX, na mwaka uleule wa 1860 alipigana vita vya Castelfidardo. Miaka kumi alitumika katika kikosi cha Wazuavu, hata akapewa cheo cha kapiteni. Mwezi wa Septemba 1870 Roma ilitwaliwa, kikosi kikavunjwa, naye akarudi kwao. Alikuwa hajafika miaka 30, na kazi aliyoijua vema ilikuwa ya bunduki.

Kardinali Lavigerie ndiye aliyewatafutia kazi baadhi ya askari hao: walinde misafara na misioni za Mapadri Weupe. Joubert akashika njia ya Zanzibari mwaka 1880. Akarudi Ulaya mwaka 1885, kisha akaja tena, akafika Mpala mwaka 1887. Kituo hicho kilijengwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883, nao mapadri walikabidhiwa miaka miwili baadaye.

Wasomaji wetu vijana wafahamu hali ya nchi wakati ule. Bunduki na baruti zilipanda kutoka pwani; pembe za tembo na watu waliofungwa walishuka. Kijiji chenye mikuki tu hakikuweza kusimama mbele ya kijiji chenye baruti. Kwa hiyo Joubert aliwafundisha vijana wa nchi kushika silaha na kutii amri, akalinda wakimbizi waliokuja kwa mapadri. Hatufichi kwamba misioni yenye askari na baraza la hukumu ilifanana na ufalme mdogo, na jambo hilo lina uzito wake. Lakini anayemlaumu aseme pia wale wakimbizi wangekwenda wapi. Wafanya biashara ya watumwa walimsonga sana, mpaka msafara wa Kapiteni Jacques ulipofika kumsaidia mwaka 1891. Mwaka 1894 vita hivyo vilikuwa vimekwisha.

Tarehe 13 Februari 1888, katikati ya hatari hizo, alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi, kwa ndoa takatifu. Siku zile Wazungu wengi walikaa na wanawake wa hapa pasipo ndoa; yeye alisimama naye mbele ya altare, wakazaa watoto, wakawalea katika imani.

Sisi twapenda zaidi sehemu ya mwisho, ambayo vitabu vya vita huipita upesi. Baada ya amani, Joubert hakutafuta vita vingine wala hakurudi kuishi Ulaya. Alibaki na watu wake, akifundisha katekisimu, akitazama wagonjwa, akisikiliza mashauri ya wanakijiji. Kazi hiyo, isiyo na bendera wala tarumbeta, aliifanya kwa furaha miaka 33, muda mrefu kuliko miaka yake yote ya uaskari. Alikufa Misembe, karibu na Moba, tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85.