Ye Mingchen: liwali wa Canton aliyefia mikononi mwa Waingereza

Jamaa zetu wanaokwenda Guangzhou kuleta bidhaa Dubai na Maskati wanaijua vizuri Yide Lu. Ndo mtaa wa bei ya jumla: vidude vya watoto, vifaa vya skuli, mapambo ya sherehe, na maduka ya vitu vikavu vya baharini ambayo ukipita harufu yake inakukumbusha papa mkavu wa kwetu. Kandokando ya mtaa huo limesimama kanisa kubwa la mawe lenye minara miwili iliyochongoka. Watu wanapiga picha, kisha wanarudi kwenye mizigo yao. Wachache wanauliza kiwanja kile kilikuwa cha nani.

Kabla ya kanisa, pale palikuwa na makao ya liwali mkuu aliyetawala mikoa miwili ya kusini mwa China kwa niaba ya mfalme. Wa mwisho kukaa humo alikuwa Ye Mingchen.

Ye alizaliwa Hanyang, mkoa wa Hubei, mwanzoni mwa karne ya 19, katika nyumba ya watu wa elimu. Mwaka 1835 alifaulu mtihani wa juu kabisa wa dola, ule uliokuwa ukifungua mlango wa kazi za serikali. Akapanda cheo baada ya cheo, mpaka mwaka 1848 akawa gavana wa Guangdong, na mwaka 1852 liwali mkuu.

Wakati huo China ilikuwa na jeraha bichi. Waingereza walikuwa wakiingiza kasumba kutoka India, na China ilipoizuia wakaipiga vita kuanzia 1839 hadi 1842. Hong Kong ikachukuliwa, na bandari tano zikafunguliwa kwa nguvu, Guangzhou ikiwemo. Wageni waliruhusiwa kufanya biashara nje ya kuta, lakini wenyeji walikataa katakata wasiingie ndani ya mji. Mwaka 1849 Waingereza walipodai ahadi ya kuingia, Ye na mkubwa wake Xu Guangjin waliwakusanya maelfu ya wanamgambo wa mji na vijiji. Waingereza wakarudi nyuma. Mfalme alifurahi mno, akawatunuku vyeo vya heshima.

Ushindi ule ulimponza. Aliamini kwamba ukikaa kimya na kukataa, mgeni atachoka mwenyewe.

Tusimpake mafuta lakini. Mwaka 1854 waasi waliojiita Vilemba Vyekundu waliuzingira mji, na Ye aliwazima kwa mkono wa chuma. Maelfu kwa maelfu walikatwa vichwa, wengine bila ya kosa kubainika. Kwa hiyo alipokuja kuhitaji watu wa kumtetea, mkoa ulikuwa umechoka, hazina tupu, na askari wengi walikuwa kwengine wakipigana na waasi.

Tarehe 8 Oktoba 1856 askari wake waliwakamata mabaharia 12 wa Kichina kwenye chombo kiitwacho Arrow, wakishukiwa uharamia. Chombo kilikuwa cha Mchina, kimesajiliwa Hong Kong, na usajili wenyewe ulikwishamaliza muda wake. Balozi mdogo wa Uingereza, Harry Parkes, alidai kwamba bendera yao imedhalilishwa. Ye aliwarudisha mabaharia wote, ila kuomba radhi alikataa. Hilo likatosha. Manowari za Admirali Michael Seymour zikaanza kupiga mizinga, na makao ya liwali yenyewe yakalengwa. Wafaransa nao wakajiunga, kisa padri wao aliyeuliwa mkoa wa Guangxi.

Mwaka mzima ukapita. Mwishoni mwa 1857 Lord Elgin alifika na jeshi, akatoa muda wa mwisho. Ye hakusalimu amri, wala hakujitayarisha kwa vita. Alikuwa akitegemea ramli ya hekalu aliloliamini, na ramli ilimwambia shari itapita baada ya siku chache tu. Tarehe 28 Desemba mizinga ikaunguruma. Kesho yake kuta zikashikwa. Tarehe 5 Januari 1858 Waingereza walimkuta katika nyumba aliyojificha, wakampandisha manowari iitwayo Inflexible, na baadaye wakampeleka Calcutta.

Mjini aliachwa gavana Bogui aendelee kukaa kitini, lakini amri ilikuwa ya kamati ya Waingereza na Wafaransa, Parkes akiwa ndani yake. Hali hiyo ilidumu mpaka 1861.

Sisi wenye asili ya Unguja hatuhitaji kufasiriwa hili. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga Beit al-Hukm kwa muda usiofika saa moja. Sayyid Khalid bin Barghash akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, na siku ile ile akawekwa kitini Sayyid Hamoud. Khalid alikaa Dar es Salaam mpaka Waingereza walipomshika mwaka 1916, wakampeleka Saint Helena na Shelisheli. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Mwenye nchi anaondoshwa kwa meli, na anayebaki anatia saini.

Ye huko Calcutta alikuwa na watumishi wachache, mpishi, na chakula alichobeba kutoka kwao. Akitafsiriwa magazeti apate kujua habari za nchi yake. Alijifananisha na Su Wu, mjumbe wa zamani aliyezuiliwa na maadui miaka 19 asibadilishe utiifu. Wachina wanasimulia kuwa alitarajia kupelekwa Uingereza ajadiliane na Malkia uso kwa uso, na alipoona hapelekwi na chakula chake kimekwisha, akakataa kula cha waliomteka. Waingereza wao walisema ni maradhi. Alikufa Aprili 1859.

Kwao alichekwa miaka mingi: hakupigana, hakupatana, na wala hakukimbia. Siku hizi wapo wanaomtazama kwa jicho jengine. Alikosea hesabu, na damu za watu zipo shingoni mwake, lakini hakuna mkataba wowote wa kuuza nchi wenye jina lake. Iliyotiwa saini Tianjin mwaka 1858 na Beijing mwaka 1860 ilikuwa kazi ya wengine, na Hong Kong haikurudi mpaka 1997.

Kiwanja chake walikichukua Wafaransa. Ujenzi wa kanisa ulianza 1863, ukamalizika 1888, kwa mawe matupu, hata wenyeji wanaliita Nyumba ya Mawe mpaka leo.

Basi safari ijayo, mkishamaliza mizigo na kabla hamjakwenda kuswali Msikiti wa Huaisheng, ambao hauko mbali, simameni kidogo pale Yide Lu. Kama mko na watoto, waambieni nyumba ya nani ilikuwa hapo, na nani aliibomoa. Watauliza na ya Unguja, na hapo nyinyi ndo wenye khabari.