Tahir Haddad: Mwanazuoni aliyeitoa talaka mdomoni mwa mume

ALIPOFARIKI jijini Tunis mnamo Desemba 7, 1935, Tahir Haddad alikuwa na umri wa miaka 36 tu. Kifua kikuu kilikuwa kimemdhoofisha, nao wengi waliokuwa wakimwamkia njiani walikuwa wamekwisha kumpa kisogo. Kosa lake lilikuwa kitabu kimoja.

Haddad alizaliwa Tunis mwaka wa 1899 katika familia yenye asili ya El Hamma, kusini mwa Tunisia. Alisomea dini Zaytuna, chuo mashuhuri cha Kiislamu, akahitimu 1920. Baadaye alishirikiana na Mohamed Ali El Hammi kuasisi chama cha wafanyakazi, ambacho wakoloni Wafaransa walikivunja 1925.

Balaa lilikuja na kitabu cha 1930 kuhusu mwanamke katika sheria ya dini na katika jamii. Wakati huo mume aliweza kutamka talaka bila kuulizwa sababu. Mke alidai masrufu ya eda, yaani takriban miezi mitatu, pamoja na mahari iliyosalia, iwapo ilisalia. Kurani imetaja pia kiliwazo kwa aliyeachwa, ila Wamaliki, ambao ndio wengi Tunisia, wanakihesabu kuwa jambo la hiari. (Washafii, wakiwemo wa pwani ya Kenya, wanakiona wajibu.) Hivyo mke aliyeitunza nyumba miaka ishirini aliweza kutoka mikono mitupu.

Haddad alitaka talaka ipitie kwa hakimu, na anayeachwa bila kosa alipwe fidia. Hakuikana dini. Aliwapelekea masheikh wa Zaytuna maswali kuhusu ndoa na talaka, akayachapisha majibu yao kitabuni. Hoja yake ilikuwa kwamba Uislamu ulirekebisha mambo hatua kwa hatua, kama ulivyofanya kuhusu utumwa, na kwamba safari hiyo haikuwa imefika mwisho. Pengine hilo ndilo lililowakera zaidi: alikuwa mwanafunzi wao, na alitumia elimu yao.

Adhabu haikukawia. Alizuiwa kufanya mtihani wa sheria na kunyimwa kazi ya kuandika hati. Mwaka wa 1931 Sheikh Mohamed Salah Ben Mrad alichapisha kitabu kizima cha kumpinga.

Agosti 13, 1956, miaka karibu 21 baada ya mazishi yake, serikali ya Habib Bourguiba ilitangaza sheria mpya ya familia. Talaka ikawa halali mahakamani pekee, mke akapata haki ya kuidai sawa na mume, na fidia ikaandikwa sheriani. Mwaka wa 1981 mke aliyeachwa aliruhusiwa kudai malipo ya kila mwezi hadi afe, aolewe tena au asiwe na haja nayo.

Mirathi, ambayo Haddad pia aliigusa, haikubadilika. Rais Beji Caid Essebsi alipendekeza mwaka wa 2018 mgao sawa kwa mabinti na wavulana, akafariki Julai 2019 kabla ya bunge kuupitisha mswada huo.