Coulomb, Mpimaji wa Umeme

Charles-Augustin Coulomb alizaliwa katika nchi ya Ufaransa, mjini Angoulême, mwaka 1736. Alipokuwa kijana aliingia chuo cha Mézières, akafundishwa kazi ya kujenga maboma ya askari. Mwaka 1764 akapelekwa ng'ambo, kisiwa cha Martinique. Huko alijenga boma miaka minane. Wenzake wengi wakafa kwa ugonjwa. Yeye naye akaugua mara kwa mara, na tangu hapo mwili wake haukuwa tena na nguvu kamili.

Lakini akili yake ilikuwa nzima. Aliporudi kwao alichunguza nyuzi. Uzi ukisokotwa hutaka kujirudisha, sivyo? Coulomb akapima nguvu ile ya kujirudisha, akaona yafaa kupimia vitu vidogo mno, hata vile ambavyo mzani wa duka hauvisikii.

Mwaka 1785 akatwaa chombo kipana cha kioo, akatundika ndani yake uzi mwembamba wa fedha. Chini ya uzi akafunga kijiti kilicholala, chenye kidonge chepesi kwenye ncha. Kidonge cha pili akakiweka karibu, kisha akavitia vyote viwili umeme wa namna moja. Mara vikasukumana! Uzi ukasokoteka, kijiti kikasimama kwenye digrii 36. Basi Coulomb akausokota uzi kwa juu, upande wa kinyume, mpaka kijiti kikarudi kwenye digrii 18, yaani nusu. Sasa uzi wote ulikuwa umesokoteka digrii 144. Hesabuni, watoto: 36 mara ngapi ni 144? Mara nne. Umbali ukiwa nusu, nguvu ya umeme huwa mara nne.

Coulomb alikufa Paris mwaka 1806. Mwaka 1881 wataalamu wa nchi nyingi wakakutana katika mji huohuo, wakakipa kipimo cha wingi wa umeme jina lake: kulombu. Wanafunzi wengi hukichanganya na ampea. Tazameni mto: ampea yaonyesha mto unapitisha maji mengi au machache kwa sekunde, kulombu ni yale maji yenyewe yaliyopita. Mkondo wa ampea moja hupitisha kulombu moja kila sekunde.

Katika waya, kulombu moja ni elektroni zaidi ya milioni sita, mara milioni, tena mara milioni. Coulomb hakupata kusikia habari za elektroni. Zilijulikana mwaka 1897, naye amekwisha lala kaburini miaka 91.