Spicer-Simson na mashua mbili zilizopanda mulima

Kila mutu aliyesafiri kwa kamyo kutoka Kolwezi mpaka kwetu Mutshatsha anajua kintu kimoja: gari haiharibike mbele ya garaje. Inaharibika katikati ya pori, pale hakuna nyumba, na mara mingi mvua inanyesha. Ile saa hakuna mutu anauliza gari ilinunuliwa bei gani. Wote wanamugeukia shofere na kumuuliza anabeba nini mu sanduku yake.

Leo nawaelezea maisha ya mutu aliyepita hapa Lualaba zaidi ya miaka 100 iliyopita, akibeba muzigo ambao hata leo watu wangetoka nyumbani kuuangalia: mashua mbili za vita, juu ya barabara ya udongo.

Geoffrey Basil Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 kule Hobart, mu kisiwa cha Tasmania, Australia. Sehemu ya utoto aliipitisha Ufaransa, na Kifaransa alikijua vizuri. Alipofika miaka 14 aliingia jeshi la maji la Uingereza. Alifanya kazi ya kupima mito, Yangtze kule China na Gambia kule Afrika ya Magharibi. Lakini cheo hakikupanda mbio. Alikuwa mutu wa kujisifu sana, na kazi zake zingine ziliharibika. Mwezi wa Novemba 1914, meli moja ya kundi lake, jina Niger, ilizamishwa na Wajerumani karibu na Deal, Uingereza, wakati yeye mwenyewe alikuwa inchi kavu. Kisha pale wakamuweka mu biro, London.

Siku zile Wajerumani ndio walitawala Ziwa Tanganyika. Meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, walikuwa wameiharibu tangu mwezi wa Agosti 1914. Muwindaji mumoja wa tembo, John Lee, akawapelekea wakubwa wa London shauri: tutume mashua ndogo za mbio, zipande treni kutoka Cape Town mpaka Katanga, tuzivute juu ya mulima, tuzishushe mu muto Lualaba, zifike ziwani kwa upande wa Wabelgiji. Wakubwa wakakubali. Ukubwa wa safari wakamupa Spicer-Simson.

Mashua zilikuwa za mbao, urefu wa metre 12 hivi, mashini za petroli. Mukubwa alitaka kuziita Paka na Mbwa, kwa Kiingereza. Wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou.

Waliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915. Mwanzo wa Agosti walikuwa Fungurume. Tukumbuke, Kolwezi haikukuwa mji bado, na reli ya kupita Mutshatsha ilikuja kuungana na ile ya Angola paka mwaka 1931. Ile ya kwenda Bukama ilikuwa ingali inajengwa, na treni ilikomea Fungurume. Mbele yao kulikuwa kilometre 200 hivi za pori na milima ya Mitumba mpaka Sankisia, pale kipande kingine cha reli kilingojea.

Hapa ndipo mambo ya vyombo yanaanza. Mu ile njia hakuna magazini. Buloni ikikatika na haukubeba ingine, safari imekufa. Kwa hiyo walikuja na mashini mbili kubwa za moshi, zile zinatembea barabarani pasipo reli, na magari ya kulazia mashua, na kamba nene, na kapi za kuvutia. Na zaidi ya vyombo, walikuwa na fundi: Wainwright, mutu wa zamani wa reli kule Rhodesia, aliyejua mashini za moshi sawa vile mama anajua mutoto wake. Kwa sababu chombo pasipo fundi ni chuma tu.

Tarehe 18 Agosti wakaanza kutembea. Wafanyakazi weusi, mamia na mamia, walikuwa mbele wakikata miti, wakivunja mawe, wakijenga madaraja. Inahesabiwa kwamba walijenga zaidi ya 150. Miti ileile ya pori ilikuwa ndio piesi zao. Pale mashini zilishindwa kupanda, walifunga kamba ku miti mikubwa, wakapitisha mu kapi, wakaleta ng'ombe za kuvuta. Ku muteremko, kamba zilezile zilizuia mashua zisikimbie na kupasuka chini. Tarehe 8 Septemba walifika juu kabisa, karibu metre 2.000 kutoka usawa wa bahari.

Kisha maji yakakosekana. Mashini ya moshi pasipo maji haiendi hata hatua moja. Nani aliiokoa? Bamama wa vijiji. Walichota maji mbali sana, wakayabeba kichwani mpaka ku mashini, yakaingia mu tumbo la chuma. Mukubwa alipanga vyombo vingi mbele ya kutoka Uingereza, lakini mitungi ya bamama haikukuwa ku liste yake.

Tarehe 28 Septemba wakaingia Sankisia. Treni ikawapeleka Bukama, mashua zikashushwa mu Lualaba. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, maji machache, michanga kila pahali. Mashua zikakwama mara na mara. Wakachukua mapipa matupu, wakayafunga chini yao ili ziinuke. Pipa tupu, kintu ambacho wengine wangetupa, ikawa chombo. Mwezi wa Oktoba walifika Kabalo, na kutoka pale reli ikawapeleka mpaka ziwani, ku muto Lukuga, pale leo ni Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya mungu, wakiwa mu maombi, meli ya Wajerumani Kingani ikaonekana. Mimi na Toutou zikatoka, vita ikaisha kwa dakika chache, Kingani ikakamatwa. Ilikuwa na tundu, ikazama karibu na inchi kavu. Bafundi wakaitoa maji, wakaziba tundu, ikapewa jina Fifi na kuanza kazi upande wa pili. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi na Mimi wakazamisha meli ingine, Hedwig von Wissmann.

Pale jina la Spicer-Simson likapanda juu. Alitembea na kaptula pana sawa jupe, mwili umechorwa tatuu, na watu walikuja kumuangalia. Lakini moyo ukamushuka. Kulibaki meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, na yeye akakataa kuishambulia. Mwaka uleule akarudishwa Uingereza mugonjwa. Medali walimupa, lakini hakupewa tena meli za kuongoza vitani. Kuanzia 1921 mpaka 1937 alikuwa sekretere wa biro ya dunia nzima ya kupima bahari, kule Monaco. Alikufa mwaka 1947 mu Canada. Na John Lee, mwenye shauri la kwanza, alifukuzwa njiani mbele ya kuona ziwa.

Ile Götzen nayo iko na somo. Ilitoka Ujerumani vipande vipande mu masanduku maelfu, ikaunganishwa Kigoma. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Lakini kabla, mafundi wake walipaka mashini grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa mu maji, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina Liemba. Miaka mingi sana ilibeba watu wa ziwa. Kazi ya brosi na grisi, ya watu waliofikiria kesho.

Ndugu zangu, mimi ni mutu wa sendika, nasoma hii habari na macho ya mufanyakazi. Mukipanda kamyo musimu wa mvua, muangalie mbele ya kutoka: kriki, funguo ya pine, pompe, kamba, waya, buloni chache, toshi, grisi, bido ya maji. Na mu mugodi ni vilevile. Mukubwa anayetuma watu chini ya udongo pasipo vyombo vya kutengeneza, pasipo piesi, anategemea kwamba mikono yetu itaziba kila tundu. Tumuombe vyombo mbele ya kushuka, kwa barua, na tarehe. Kisha ajali, barua haina kazi tena.

Jina la Spicer-Simson liko mu vitabu. Majina ya bamama waliopeleka maji juu ya Mitumba hayakuandikwa. Lakini pasipo wao, Mimi na Toutou zingebaki pale mulimani, na leo zingekuwa nyumba ya panya.