Sayyid Barghash na Maji ya Chemchemi

Ukilitaja jina la Sayyid Barghash bin Said barazani, wengi hukumbuka kwanza Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Unguja mwaka 1883. Leo twamtazama kwa upande wa maji, ambao watugusa zaidi sisi watu wa Malindi na Kilifi.

Alizaliwa yapata mwaka 1837, mwana wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1859 aliinuka dhidi ya nduguye, Sayyid Majid, akashindwa na kupelekwa Bombay. Uhamisho si jambo la kutamaniwa, lakini Bombay ilikuwa na la kumfunza mtu mwenye macho: mwaka 1860 mji ule ulianza kuletewa maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar.

Alirudi Unguja, na Oktoba 1870 Sayyid Majid akafariki, naye akakalia kiti. Alirithi mji wenye msiba. Tangu mwishoni mwa 1869 kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu kisiwani na mwambaoni. Dokta James Christie, tabibu Mskoti aliyekuwa Unguja, aliwauliza wafanya biashara na watu wa misafara, akaifuata njia ya maradhi: kutoka bara, nchi ya Wamasai, hadi Pangani, kisha kuvuka bahari. Kitabu chake kilitoka 1876. Wakati huo Koch alikuwa bado hajamtambulisha mdudu wa kipindupindu. Alifanya hivyo 1883 na 1884.

Watu walikuwa wakinywa maji ya visima. Barghash akayachukua maji ya chemchemi, upande wa Bububu, akayaleta mjini kwa mfereji. Kwa rai yetu, kazi hii yalishinda lile jumba, ingawa halikupigwa picha nyingi kama jumba.

Lakini mfereji ule haukuvuka bahari. Mwaka 1887 Sayyid aliwakodisha Waingereza wa Mackinnon mwambao huu, kutoka mto Umba hadi Kipini, Malindi na Kilifi zikiwemo. Machi 1888 akafariki. Huku kwetu ndoo ziliendelea kushuka visimani.

Na kisima cha mwambao kina siri yake. Jiwe letu la matumbawe lina matundu, na maji ya choo cha shimo hupenya kukifikia kisima cha jirani. Virusi ni vidogo kuliko mdudu wa kipindupindu, hivyo hupita kwa wepesi zaidi; virusi vya polio na vya homa ya manjano ya ini vyaweza kukaa katika maji meupe yasiyo na harufu.

Siku hizi maji huulizwa kabla ya wagonjwa. Mwaka 2013 Kenya ilianza kupima maji taka kutafuta polio. Machi 2018 virusi vilionekana katika maji taka ya Kamukunji, Nairobi, bila ya mtoto yeyote wa pale kupatikana amepooza. Mwaka huo huo zikafanywa kampeni za chanjo.